Bi mkubwa akianguka anamwitaje mtu? Kengele ya mlango imezipiga bao saa janja na kitochi cha SOS

Nianze na jibu kabisa kwa wasiopenda mambo marefu. Kama una mzazi anaishi peke yake, au anabaki peke yake mchana kutwa wengine wakiwa shamba na kazini, kitu cha kwanza cha kumnunulia ni kengele ya mlango isiyo na waya, ile ya kawaida tu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo. Kitufe anakaa nacho mzee, kile kinacholia anakaa nacho jirani. Basi. Sio saa janja, sio kitochi (ile simu ndogo ya vitufe) chenye kitufe chekundu cha SOS, yaani cha kuitia msaada, mgongoni, na sio lile dude la kuvaa shingoni ambalo ndugu wa Ulaya wakija likizo wanashuka nalo. Vyote hivyo vimepita kwa bi mkubwa wangu kule Muheza, Tanga, vingine nimenunua mimi vingine tumeletewa, na nitasema kila kimoja kilifanya nini, ila kilichobaki kazini mpaka sasa ni kengele.

Bi mkubwa ana miaka sabini na kitu, magoti yamechoka, anakunywa dawa za presha, na nyumba yetu ni ile ya kizamani choo na bafu viko uani, kwahiyo usiku akibanwa lazima afungue mlango wa nyuma avuke uwanja wa sementi, na msimu wa mvua ile sementi inaota ukungu wa kijani ukikanyaga vibaya umeondoka. Akaanguka huko uani usiku. Hakuvunjika kitu tunashukuru Mungu, lakini kunyanyuka hakuweza, aliita mpaka sauti ikakauka, na alikuja kupatikana alfajiri muuza maziwa alipopiga hodi akajibiwa na sauti ya chini chini kutoka nyuma ya nyumba. Simu ilikuwa chumbani chini ya mto, imejaa chaji.

Baada ya hapo grupu la familia likawaka. Kila mtu na kifaa chake alichokiona mtandaoni, na wengi walikuwa wanaongelea kifaa, hakuna aliyeuliza akibonyeza hicho kifaa nani anaitika. Mimi niko Dar. Mdogo wangu Arusha. Dada yetu Uingereza. Sasa hata simu ikiniita saa nane usiku nikapokea mlio wa kwanza, mimi nitafanya nini zaidi ya kuanza kumtafuta jirani wa kule ambaye simu yake usiku imezimwa? Ndio maana naandika hivi, kwasababu naona watu wanapoteza hela nyingi kumwunganisha mzazi na mtoto aliye kilomita mia tatu wakati anayeweza kumnyanyua yuko nyumba ya pili anakaanga maandazi.

Na hili la kuanguka sio jambo la kuchukulia poa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wanaoongoza ni waliovuka miaka 60. Watu wengi wanadhani hatari yote iko kwenye kuvunjika nyonga, lakini kule kukaa chini muda mrefu kwenyewe ni ugonjwa wa pili. Mzee akilala upande mmoja kwenye sakafu ngumu masaa, ngozi inaanza kuumia pale mfupa unapogusa chini, misuli iliyobanwa inaharibika na sumu yake inaenda kuzisumbua figo, maji yanamuishia mwilini, baridi inamuingia hata kama wewe unaona Tanga ni joto, sakafu yenye maji saa kumi usiku haina joto. Madaktari wanahesabu saa moja chini kuwa tayari ni muda mrefu.

Kuna kitu kingine kilichonifumbua macho. Pale Cambridge, Uingereza, waliwafuatilia wazee waliovuka miaka 90, matokeo yakachapishwa mwaka 2008 kwenye jarida la udaktari la BMJ. Wazee wengi walikuwa na vitufe vya kuitia msaada, nchi tajiri, vifaa vizuri, kituo kinapokea masaa 24, lakini walipoanguka wakakaa chini muda mrefu, mara nyingi kitufe hakikutumika. Mwingine hakuwa nacho mwilini, mwingine alikuwa nacho akashindwa kukibonyeza, mwingine aliamua tu asisumbue watu. Huyo wa mwisho ndio bi mkubwa wangu mtupu, angekuwa Cambridge wangemuandika wa kwanza. Kwahiyo kila kifaa nimekipima kwa hayo: atakuwa nacho pale anapoangukia, ataweza kukitumia akiwa amelala chini, na ataona aibu kukitumia au hataona.

Haya, kengele yenyewe. Ndani ya boksi kuna kitufe kidogo kinachotoshea kiganjani na kuna kipokeaji kimoja au viwili vinavyochomekwa kwenye soketi ya ukutani. Hamna laini ya simu, hamna vocha, hamna bando, hamna programu ya kupakua. Ukibonyeza kinarusha mawimbi ya redio, kile cha upande wa pili kinalia. Kuviunganisha ni kubonyeza kitufe cha kwenye kipokeaji mpaka taa iwake-wake, alafu unabonyeza kile kingine, vimeshajuana. Mimi nimenunua yenye vipokeaji viwili kwa kitufe kimoja na bei haikufika elfu 40, na nilivyopiga hesabu ya nauli ya basi ya kwenda na kurudi nikaona hata sibishani na muuzaji.

Boksi limeandikwa mita 300. Hizo ni mita za uwanja wa mpira, hamna kitu katikati. Kwetu kuna ukuta wa tofali, mlango wa bafu wa bati na bati lenyewe juu, na bati halielewani na mawimbi ya redio. Sasa usijaribu kwa kusimama mlangoni na kubonyeza ukiwa umenyoosha mkono, kila mtu anajaribu hivyo alafu anasema iko fresh. Mimi nilifunga ule mlango wa bati nikalala chini kabisa bafuni, shavu kwenye sakafu, mkono wenye kitufe umebanwa chini ya mwili vile mtu aliyeanguka anavyokuwa, ndio nikabonyeza. Kwa jirani kimya. Kipokeaji kilikuwa kimechomekwa nyuma ya friji yao. Tukakihamishia soketi ya dirishani upande unaoangalia kwetu, nikarudi kulala chini, safari hii nikasikia mwenyewe mlio ukitoka kule, na watoto wa jirani wakawa wananichungulia mtu mzima nimelala bafuni nacheka.

Jirani wa kumpa ndio uchaguzi mkubwa kuliko chapa ya kengele. Mtu anayekuja kichwani haraka ni yule mnayependana naye, lakini wewe mtafute anayeshinda nyumbani. Sisi cha kwanza kiko kwa fundi cherehani, mama ambaye kutwa nzima yuko barazani kwake anashona, na cha pili kiko kwa kijana wa bodaboda wa ng'ambo ya njia, huyo mchana hayupo ila usiku yupo na ana nguvu. Nilienda mwenyewe kuwaomba na bi mkubwa akiwepo. Fundi alimwambia, "Shikamoo bibi, wewe bonyeza tu, hata ukitaka chumvi bonyeza." Marahaba ikatoka kwa kucheka, na naamini hiyo kauli ya chumvi imefanya kazi kubwa kuliko betri, kwasababu ile haya ya kusumbua watu ilipungua pale pale.

Kuvaa sasa. Kamba ya shingoni aliikataa dakika ile ile. "Mimi sio mbuzi." Mkononi alisema kinamzuia kutawadha. Ikabidi tuache yeye mwenyewe aamue, na akaamua kitu ambacho sisi wenye grupu letu lote tusingekiwaza: kakifunga kwenye pindo la kanga, fundo lile lile analofungia hela tangu nipo mdogo. Hilo fundo halimtoki, akilala liko, akienda chooni liko, akiwa na kanga mbili anajua liko kwenye ipi. Anashika juu ya kitambaa anabana, kinalia.

Shida ikawa kinalia pia akikalia. Siku za mwanzo fundi alikuwa anakuja mbio na tepu shingoni anamkuta bibi anachambua mchicha. Dawa yake ilikuwa kandambili iliyokatika. Fundi alikata kipande cha soli kikawa pete, akaigandisha kwa gundi kuzunguka kitufe, sasa kitufe kiko shimoni, lazima uingize kidole gumba ndio kikubali. Gharama sifuri. Ukiona kengele ambayo kitufe chake tayari kimezama ndani ya plastiki nunua hiyo, utaokoa kandambili.

Kuna aina nyingine haina betri kabisa kwenye kitufe, inajitengenezea umeme kwa nguvu ya kubonyeza. Muuzaji atakusifia sana na kweli ni akili, ila kwa vidole vya mzee hapana, inataka ubonyeze kwa nguvu mpaka ilie ko. Chukua ya betri. Uangalie betri yenyewe ni ipi, nyingi zinatumia ile ya mviringo ya bapa CR2032 ambayo inapatikana mpaka kwa fundi saa, nyingine zinatumia kale kafupi kanene 23A ka volti 12 ka rimoti za geti, hako vijijini utakatafuta. Nunua za ziada umuwekee.

Ubaya mkubwa wa kengele ni umeme. Umeme ukikatika, au luku ya jirani ikiisha, kile kipokeaji cha soketi kimekufa na mzee hajui kama kimekufa, anabonyeza anaamini watu wanakuja. Kwahiyo hicho cha kijana wa bodaboda nimekuja kukibadilisha nikatafuta kipokeaji kinachotumia betri za kawaida za AA. Kama pesa inaruhusu kimoja tu nunua cha betri, usinunue cha soketi. Na vingi vya soketi vinakuja na plagi ya miguu miwili ya duara, soketi zetu ni za miguu mitatu bapa, ukisahau adapta mtu wa huko atachokoa tundu la juu na kalamu kama kawaida yetu alafu kitakuwa kinalegea kinachomoka.

Milio iko mingi, kuna ya kinanda, kuna ya ndege, kuna ya mbwa kabisa. Weka ule mbaya kuliko wote. Ule unaokera. Sauti ya ndege Muheza kwenye michungwa nani ataishughulikia?

Alafu kuna matumizi ambayo hayakuwa kwenye mpango, yalianzishwa na bi mkubwa na fundi wenyewe, na mimi ndio nayaona bora kuliko yote. Kila asubuhi akiamka anabonyeza mara moja. Maana yake nimeamka mzima. Fundi akisikia anaendelea na chai yake. Isipolia mpaka jua limetoka anatuma mtoto akaangalie. Kubonyeza mfululizo ndio maana yake njoo. Kwa hilo wametatua kitu ambacho vifaa vingi vya bei haviwezi, maana mtu aliyezimia habonyezi chochote, na betri ikiisha wanajua siku hiyo hiyo badala ya kujua siku ya msiba.

Bafuni kaongezewa kitufe cha pili, kinaunganishwa na kipokeaji kile kile. Anapooga kanga haiko mwilini, na bafuni ndio penye maji. Watu wanakibandika ukutani usawa wa swichi ya taa, sasa aliyeko chini atakifikiaje. Vyoo vya walemavu Uingereza vina kamba nyekundu ya kuvuta kuita msaada, na mwongozo wao wa ujenzi unataka iwe na pete mbili, moja usawa wa mkono wa aliyekaa, ya pili sentimita 10 tu kutoka sakafuni, kwasababu kamba imewekwa kwa ajili ya mtu aliyelala chini. Sisi tumekibandika karibu na sakafu, upande wa pili na mlango, juu kidogo ya maji yanapofika. Angalia kwenye boksi kama kimeandikwa IP na namba, IP44 inavumilia kurushiwa maji, IP67 hata kikizama kidogo sawa. Kisipoandikwa kitu usikipeleke bafuni.

Sasa kitochi cha SOS, maana najua wengi ndio wanachokifikiria. Ni simu ya vitufe vikubwa, maandishi makubwa, redio, tochi, na nyuma kuna kitufe chekundu. Ukikishikilia sekunde kadhaa kinapiga king'ora, kinatuma meseji, alafu kinapiga namba tano ulizoweka moja baada ya nyingine na spika inajifungua yenyewe ili mzee aongee hata simu ikiwa mbali na sikio. Kwenye karatasi ni kitu kizuri mno. King'ora chake kina nguvu kweli, nakipa heshima. Lakini kwetu kilitufia sehemu mbili. Kwanza vocha, simu isiyo na salio haipigi namba ya mtoto hata uibonyeze vipi, na wazee wanajua kuweka vocha siku wanayotaka kupiga tu. Pili, kilipopiga namba ya kwanza kikajibiwa na yule dada wa mteja unayempigia hapatikani, kikahesabu kwamba kimepokelewa, kikaacha kuendelea na namba ya pili. Mzee yuko chini anamsikiliza dada wa mtandao. Labda vya chapa nyingine vina akili zaidi, cha kwetu hakikuwa nayo, kwahiyo ukinunua kijaribu kwa kuzima simu ya namba ya kwanza makusudi uone kitafanya nini.

Kama tayari ana kitochi cha kawaida usimnunulie kingine. Vingi vina menyu ya kupiga haraka: unaipa namba 2 jina la jirani, namba 3 la mwingine, alafu akishikilia 2 kwa muda bila kuachia inapiga yenyewe. Namba 1 mara nyingi ina kazi ya ujumbe wa sauti, iache. Mwekee nukta ya rangi ya kucha kwenye 2. Na salio liwe linatumwa na wewe kila mwezi bila kuombwa. Ila bado simu inakaa chini ya mto na mtu anaangukia uani, hilo menyu haitatui, labda umshonee mfuko kwenye gauni la kulalia na hapo umerudi tena kwa fundi cherehani.

Namba ya dharura 112 inapiga hata bila salio, kwa Tanzania inapokelewa na polisi. Wenzetu Kenya wana 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wana yao 1199. Mzee azijue, hamna ubaya, lakini bado namuweka fundi mbele kwasababu yuko hatua thelathini.

Simu ya tachi nitaipita haraka. Zenye Android 12 kwenda juu nyingi zina sehemu ya dharura ndani ya mipangilio, ukiiwasha basi kubonyeza kitufe cha kuwashia mara tano mfululizo inaita msaada, na unaweza kuweka watu watakaopata taarifa mahali ulipo. Kwa wazazi wa miaka sitini wanaoshinda WhatsApp inafaa sana, mama mkwe wangu nimemuwekea. Kwa bi mkubwa wangu kile kioo chenyewe ni mtihani.

Saa janja. Kuna shemeji alikuja na Apple Watch yake ya zamani akataka kuiacha. Tangu toleo la Series 4 la mwaka 2018 zile saa zinahisi mtu ameanguka kwa nguvu, zinamgonga mkononi na kumuuliza kama yuko sawa, asipojibu na asipojisogeza kama dakika moja zinapiga namba ya dharura zenyewe na kuwatumia meseji watu wake, na ukiandika una miaka 55 au zaidi hiyo huduma inajiwasha. Sina baya la kusema kuhusu ufundi wake. Lakini inataka iPhone pembeni, inataka chaji kila siku, na kwa toleo kama lake wenyewe wanasema chaji ni masaa 18, maana yake usiku anaivua aichaji, na usiku ndio anaenda uani. Shemeji akaondoka na saa yake. Zile za bei chee zinazofanana nazo, zimeandikwa kwenye boksi zinahisi kuanguka, nilimvalisha mtoto wa dada yangu akajiangusha kwenye godoro kila namna mpaka akachoka, saa inahesabu hatua tu.

Lile dude la Ulaya alileta dada. Ni boksi la mezani na kitufe cha shingoni. Kule linaunganishwa na laini ya simu ya mezani au ya mkononi, ukibonyeza anapokea mtu kwenye kituo, anakuuliza kupitia spika ya boksi umepatwa na nini, anapigia jirani au gari la wagonjwa, na unalipia kila mwezi. Huduma nzuri sana kwa mzee anayeishi kule, na kama wazazi wako ndio wako huko uliza kabisa kama boksi lao ni la kidijitali maana Uingereza wanazizima laini za zamani za simu, mwisho wake Januari 2027. Ila kulibeba kulileta Muheza ni kubeba kitufe ukaacha kituo kule. Dada aliumia kidogo, tukampoza.

Filimbi nayo nisiidharau. Ya plastiki, ile isiyo na punje ndani, haishiki kutu na haigomi ikiingia maji. Nimeining'iniza moja chini bafuni na moja ubavuni mwa kitanda. Haitaki betri wala ujirani wa redio. Ila mtu aliyeumia mbavu hana pumzi, na mtaani kwetu watoto wanapuliza filimbi kutwa kwa mpira, kwahiyo ni ya akiba tu.

Kuna kitu kimoja hakiuzwi popote na kilikuwa kituharibie yote. Komeo. Bi mkubwa anafunga mlango wa mbele kwa komeo la ndani, lile la chuma la kusukuma, na mlango wa uani unaufikia tu ukipita ndani kwasababu ukuta umezunguka. Sasa kengele ilie, fundi aje, apenye wapi? Tulijaribu siku moja mchana kama zoezi, fundi akafika upesi kweli akaishia kugonga dirisha. Bi mkubwa kutoa komeo hakutaka, wezi, na ana haki. Mwisho tukaweka kitasa kipya kinachofungwa na funguo pande zote, komeo tukalitoa na seremala akiwepo ili lisirudi, funguo moja ya akiba iko kwa fundi imeshonewa ndani ya mto wa sindano. Na mzee amekubali kutoacha funguo yake tunduni usiku, maana ikiwa tunduni ya nje haiingii. Hilo zoezi lifanye kwenu kabla ya kumsifia mtu kengele.

Na wanaoitika wafundishwe. Watu wetu wakiona mzee chini wanamvuta mikono juu kwa huruma. Hapana. Kwanza aulizwe panapouma, aguswe taratibu. Akilia nyonga, au mguu mmoja umeonekana mfupi kuliko mwingine na unyayo umegeukia nje, asinyanyuliwe kukalishwa, afunikwe, gari litafutwe alazwe. Huyo hapandi bodaboda hata kijana awe hodari vipi. Kama hajaumia, ageuke ubavu, akae kwa mikono na magoti, aletewe kiti kigumu mbele yake akishike ajinyanyue mwenyewe, wao wamsindikize tu. Na akianguka zaidi ya mara moja apelekwe zile dawa za presha ziangaliwe upya, mara nyingine kizunguzungu cha kuinuka kitandani kinatoka humo.

Ukienda dukani usikubali kuuziwa boksi lililofungwa gundi. Waambie wafungue, uiunganishe pale pale, alafu mwachie muuzaji kipokeaji wewe toka nje, pita maduka matano sita, ingia hata kwenye ngazi za ghorofa jirani ubonyeze, mpigie umuulize imelia. Ikilia hapo katikati ya zege na mabati ya Kariakoo, kwenu italia. Uliza kama vitufe vya kuongezea vinauzwa peke yake, kuna vya aina ambavyo kikipotea unanunua seti nzima upya. Omba risiti. Kengele yangu naipa nane kwa kumi, moja nimeikata kwa ile plagi, na nyingine kwa sababu kitabu cha maelekezo kimeandikwa Kichina mwanzo mpaka mwisho.